Nenda tu

Saa nne ya usiku, Jumatano. Ukucha wa dole gumba la mguu wa kulia umeiva kama zambarau, nami nimekaa na beseni la maji ya chumvi nasema peke yangu kama mwehu: "Nenda tu." Nimelisema kwa sauti ya kuchoka, nimelisema kwa sauti ya hasira, nimelisema kwa mapenzi. Mume wangu kapita na kikombe chake akauliza nani anakwenda wapi usiku huu.

Wiki hii dada amejifungua salama (mwanamme, baada ya wale mabinti watatu mnaowajua), hesabu za mwaka zimefungwa na mara hii hakuna aliyelia ofisini, na nimemaliza kilomita 42 za mchanga wa Wahiba, jangwa la huku Oman, kwa miguu yangu mwenyewe, lile goti niliwahi kulilalamikia hapa halikusema kitu. Alhamdulillahi kwa yote. Lakini nikikaa tu, narudi kilomita ya 29.

Kilomita ya 29 ilikuwa na mti mmoja, mghafu, umesimama peke yake. Tulianza watatu, mie na marafiki zangu Mfamasia na Mpemba. Mfamasia tulishampoteza tangu asubuhi, na hilo tulilijua, yule miguu yake mirefu na hana subira hata kwenye foleni ya benki. Tumebaki mie na Mpemba. Tulipofika chini ya ule mti Mpemba akakaa chini. Hakuanguka; alikaa kama mtu aliyefika barazani kwake. Akavua kiatu cha kushoto, akakipindua, ukamwagika mchanga wa kujaza kikombe cha kahawa. Vile vitambaa tulivyoshonesha kwa fundi wa Ruwi, vya kuzunguka soli ili mchanga usiingie, vyake vilishabanduka gundi zamani. Akavua soksi, akaikung'uta, akaigeuza nje ndani. Kisha akaanza kutoa mchanga baina ya vidole, kimoja kimoja, kama anayechagua mchele.

Mie nimesimama. Natazama saa.

"Twende?"

"Kwanza."

"Maji unayo?"

"Ninayo."

"Kidonge cha chumvi ulikula?"

"Nilikula, mama."

Kimya. Upepo. Halafu, bila ya kuinua uso:

"We nenda tu."

"Una hakika?"

"Nenda."

Nikenda.

Sasa nyie wenye Kiswahili chenu nisaidieni. "Haya, nenda" ni ruhusa. "Nenda zako" ni ugomvi, wala halihitaji mfasiri. "Tangulia" ndilo neno la watu wanaopendana, kwa sababu anayetangulia anafuatwa. Ila hili "nenda tu"! Hiyo "tu" ina mambo. Mama akikwambia "mie sina njaa, nyie kuleni tu," na wewe ukala kweli, utakula na lawama mpaka mwezi wa Ramadhani. Lakini mwenye duka akikwambia "chukua tu, utalipa kesho," unachukua na kwaheri. Kwa hiyo Mpemba alikuwa Mama au mwenye duka? Tena mara ya pili hakuitia "tu". Kasema "nenda" kavu. Ile "tu" kaiacha wapi?

Kinachoniuma ni kwamba tuliahidiana. Siku ya kwenda tulisimama Bidiya kwenye kituo cha mafuta, wanapopunguza upepo wa matairi kabla gari haijaingia mchangani, na Mpemba akamwambia yule kijana, "Na sisi tupunguze, baba, tupite juu kwa juu." Mle garini Mfamasia alikuwa anatuhadithia habari za Prosperi, yule Mtaliano aliyepotea kwenye mbio za jangwani za Moroko mwaka 1994. Tufani la mchanga lilimpoteza njia, na zaidi ya wiki nzima baadaye akatokea Algeria, amenusurika kwa kunywa mkojo wake na kula popo. Na akarudi tena kukimbia mbio zile zile! Hapo Mpemba akainua kidole: "Hapa hapotei mtu. Tunaingia watatu, tunatoka watatu." Aliyesema inshallah kwa sauti kubwa kuliko wote ni mie.

Kwa wasioijua Wahiba, matuta yake yamelala kaskazini kwenda kusini, marefu, kama matuta ya muhogo ya jitu. Ukifuata bonde baina ya tuta na tuta chini pagumu, magari yanapita, unakimbia kama binaadamu. Adhabu ni pale vibendera vinapokugeuza ukate tuta lenyewe, na mengine yanakaribia mita 100. Asubuhi mchanga bado una umande, unashika mguu. Kuanzia saa nne unakuwa unga. Unapanda hatua mbili unateleza moja, na ukifika kileleni unateremka upande wa pili hadi magoti, nusu unakimbia nusu unaogelea.

Baada ya ule mti ndiyo lilikuja tuta kubwa kuliko yote. Na hapa niseme ukweli, maana shajara isiyosemwa kweli bora mtu aandike orodha ya sokoni. Nilipopanda hatua kama mia hivi, nikasikia furaha. Furaha kweli kweli, ya mtoto aliyeachiwa skuli mapema. Hakuna wa kumuuliza kama ana maji. Hakuna wa kumpunguzia mwendo. Nilisikia pumzi yangu tu na mchanga ukilia chini ya kiatu, ule mlio kama mtu anachana kitambaa mbali. Pale kileleni nikaona rangi ile nyekundu ya mchanga ikienda mpaka macho yanachoka, nikanyoosha mikono kama mwehu (neno hili leo nimelitumia mara mbili sasa), kisha nikajitupa chini upande wa pili huku nacheka.

Kwenye hema la mwisho kulikuwa na kahawa na tende. Mzee mmoja wa palepale kanisikia nikijisemea "ewe Mola wangu," akageuka: "Wewe mtu wa Unguja?" Kiswahili chake cha Ng'ambo kabisa, utadhani katoka jana. Kazaliwa kule, akarudi miaka ya 70 Sultan Qaboos alipowaita watu waliokuwa nje. Upande huu wa Sharqiya umejaa wazee wa namna hiyo, babu yangu mwenyewe katokea Mudhairib, si mbali na hapo, akenda Unguja kuuza duka na asirudi. Mzee akanimiminia kahawa, akachungulia njia nyuma yangu.

"Na mwenzio yuko wapi?"

Sikumwambia kama nina mwenzangu. Nikajibu, "Anakuja." Mzee akasema "Eeh," akanimiminia nyengine.

Mpemba aliingia baada ya dakika 51. Nilizihesabu. Alinikumbatia, akala tende saba, akalala garini mpaka Muscat. Hakusema neno. Ningelala hivyo hivyo, lakini Jumatatu Mfamasia katuma picha kwenye kundi letu, kaandika chini yake "Timu ya watatu." Mpemba akajibu: "Watatu, au wawili na mmoja?" Na kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Nimeandika jibu nikalifuta, nikaandika nikalifuta, mwisho nikatuma dole gumba, hilo hilo linaloniuma.

Jana usiku nikashindwa, nikampigia.

"Mpemba, pale kwenye mti. Ulikasirika?"

"Mti upi?"

"Uliponambia nenda tu."

Kimya kidogo. Kisha akaangua kicheko, nikaweka simu mbali na sikio.

"Shoga, mie nilikuwa na haja ndogo tangu kilomita ya 22! Jangwa lile kuna kichaka? Mti mmoja, na wewe umeusimamia kama askari wa kizuizini. Vidole vyote vile nilikuwa napoteza wakati uondoke. Nikakufukuza kwa adabu."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Siku tano! Siku tano nachambua "tu" kama mwalimu wa sarufi, kumbe mwanamke wa watu kabanwa na mkojo. Nikamwambia basi na ile ya wawili na mmoja ilikuwa mzaha.

"Ah, ile kweli," akasema.

"Kweli vipi?"

"Nilipomaliza nikasimama nikuonyeshe niko sawa. Nikasema akigeuka tu nitampungia. Ukapanda tuta lile lote. Hukugeuka."

"Si ungesema nakuchungulia!"

"Mpaka unafika juu nilikuwa nishavaa na viatu. Mkono nimeuinua hivi." Akacheka tena, akauliza mtoto wa dada kapewa jina gani. Nikamwambia bado wanabishana. Tukazungumza habari za jina nusu saa.

Kwa hiyo "tu" nimeitua. Lakini beseni limeshapoa na bado nimekaa, namuona pale chini ya mghafu, mkono juu, na mie kule kileleni nimenyoosha yangu miwili, nimempa mgongo.

Tena Mama kapiga simu jioni kutoka Jang'ombe, Unguja. Ule mshelisheli wa uani umezidi kuinama, sasa umelielekea paa la jirani upande wa jikoni, na mizizi ya nyuma imeanza kunyanyuka. Fundi anataka aukate kabla ya masika. Mama hataki kusikia, anasema una matunda, aliupanda marehemu Baba. Masika ni mwezi wa tatu. Nimemwambia kesho nitatuma pesa, na hajaniambia za kuukata au za kuufunga kamba.