Nilivyomleta arowana wangu nyumbani kwa vibali

Watu wakimwona arowana wangu, samaki wa tangi kutoka Asia, swali la kwanza huwa anakula nini, la pili nilimpitishaje uwanja wa ndege. La kwanza jibu lake fupi: panzi, kamba, vipande vya samaki. La pili ndilo refu, maana wanaouliza wamegawanyika makundi mawili. Wako wanaosema samaki huyo ni marufuku dunia nzima, ukikamatwa naye umekwisha. Wako pia wanaoamini kwamba risiti ya muuzaji na mfuko wa plastiki wenye maji vinatosha. Makundi yote mawili yamekosea. Nchi nyingi zinaruhusu, ila karatasi humtangulia samaki, na zenyewe zina mpangilio wake.

Arowana wa Asia, ambaye wataalamu humwita Scleropages formosus, yumo katika Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Mkataba huo ulitiwa saini Washington mwaka 1973, ukaanza kutumika Julai 1975, na arowana yumo tangu hapo. Viambatisho viko vitatu, na cha kwanza ndicho kikali kuliko vyote. Ndimo walimo sokwe, chui na kasa wa baharini. Kwa walio humo, biashara ya mnyama aliyetolewa porini imefungwa.

Kwa nini samaki wa tangi akawekwa kundi moja na chui? Tazama anavyozaa. Jike hutaga mayai machache lakini makubwa, kisha dume huyakusanya yote kinywani na kuyalea humo kwa wiki kadhaa mpaka watoto waweze kujitegemea. Mvuvi akimnasa dume mmoja na kumfungua kinywa, amebeba uzao wote kwa mkupuo. Ongeza hapo tamaa ya watu kwa wale wekundu wa mto Kapuas, Kalimantan Magharibi, na imani kwamba samaki mwenye magamba mapana na sharubu mbili kidevuni anafanana na joka la Wachina liletalo bahati. Akawa adimu porini.

Mlango uliobaki wazi ni wa mashamba ya ufugaji. Indonesia, Malaysia na Singapore zina mashamba yaliyosajiliwa na Sekretarieti ya CITES, ambayo yamethibitisha kwamba yanazalisha kizazi baada ya kizazi bila kutegemea samaki wa mtoni. Samaki wa shamba la namna hiyo, ingawa jina lake limo Kiambatisho I, mkataba unamchukulia kama wa Kiambatisho II, yaani biashara inaruhusiwa kwa kibali. Orodha ya mashamba hayo iko wazi kwa yeyote kwenye tovuti ya CITES. Mimi nilimtafuta muuzaji humo humo kwenye orodha, sikusubiri muuzaji aniambie mwenyewe kwamba amesajiliwa.

Lakini kabla ya muuzaji nilianza na nchi yangu. Mkataba unaweka kiwango cha chini tu. Kila nchi ina haki ya kuwa na sheria kali zaidi, na zipo zilizoitumia haki hiyo. Marekani, kwa mfano, imemweka arowana wa Asia kwenye orodha yake ya viumbe walio hatarini, na kule hata awe amezaliwa shambani na ana karatasi zote za CITES, mfugaji wa kawaida hapati ruhusa ya kumwingiza. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mamlaka ya CITES ya nchini kwangu halikuwa la fomu wala ada. Niliuliza kama sheria zetu zinamruhusu mtu binafsi kumfuga samaki huyu. Jibu likaja kwamba zinaruhusu, kwa kibali cha kuingiza, na kibali hicho kitoke kabla samaki hajasafirishwa.

Hapo kuna jambo linalowachanganya wengi, na mimi nilihitaji kuelezwa kwa utulivu. Kwa mnyama wa Kiambatisho I wa kawaida, mkataba unataka vibali viwili: cha kuingiza kutoka nchi anakokwenda na cha kusafirisha nje kutoka nchi anakotoka, na hiki cha pili hakitolewi mpaka kile cha kwanza kiwepo. Kwa samaki wa shamba lililosajiliwa, mkataba unatosheka na kile cha kusafirisha nje tu. Ndiyo maana muuzaji atakwambia kwa nia njema kabisa, "Usijali, kibali chetu kinatosha." Kwake kinatosha. Sheria ya kwenu ikidai cha kuingiza, utakwama forodhani ukiwa na karatasi halali ya watu wengine. Nilikiomba huku, na muuzaji nikamtumia nakala ili aiambatanishe na maombi yake.

Afisa aliyenihudumia alikuwa mama mmoja mtaratibu, na alinipa ushauri ambao haumo kwenye fomu yoyote.

"Ndugu yangu, kabla hujalipa, mwambie akutumie rasimu ya kibali uisome. Kuna herufi moja humo ndiyo itakayoamua."

"Ipi hiyo, mama?"

"Ya chanzo."

Kwenye kibali cha CITES kuna kisanduku kidogo kinachoonyesha mnyama katoka wapi, na hujazwa herufi moja. W ni wa porini. C ni aliyezalishwa na wafugaji. D ni mnyama wa Kiambatisho I aliyetoka kwenye ufugaji wa kibiashara uliosajiliwa, na ndiyo niliyoitaka. Pembeni yake iko herufi ya madhumuni: T ni biashara, P ni matumizi binafsi. Rasimu ilipokuja niliisoma kama mtu anayekagua hati ya kiwanja. Jina la kisayansi, D, P, idadi moja, jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya usajili wa shamba, namba ya chipu. Ile ya chipu niliilinganisha tarakimu kwa tarakimu na cheti cha shamba chenye picha ya samaki mwenyewe.

Chipu yenyewe ni kitu kidogo sana, huingizwa kwa sindano kwenye msuli wa mgongo, chini ya gamba, samaki akishafikia ukubwa wa kuistahimili. Haina betri wala haitumi ishara yoyote yenyewe. Inasubiri kisomeo kipitishwe karibu, kisha inatoa namba. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu chenye akili kuliko vyote katika mfumo huu. Bila chipu, kibali cha arowana mmoja kingeweza kuwabeba arowana wengi, mmoja baada ya mwingine, na hakuna afisa ambaye angejua.

Kuna kifungu cha mkataba kinachowasamehe vibali wasafiri wenye mali binafsi, na huwa kinatajwa sana na watu wanaotaka njia ya mkato. Wakisome mpaka mwisho. Msamaha huo haumhusu mnyama wa Kiambatisho I uliyempata ukiwa nje ya nchi unayoishi na unataka kumwingiza humo. Kumwita "mnyama wangu wa nyumbani" hakubadilishi kitu.

Tarehe nazo niliziangalia kwa jicho kali. Kibali cha CITES cha kusafirisha nje kinaishi miezi 6 tu tangu kutolewa, cha kuingiza hakizidi miezi 12, na havitolewi baada ya tukio: huwezi kusafiri kwanza ukaja kuombea kibali nyuma. Basi nikakata tiketi baada ya vibali kutoka.

Idara ya mifugo na uvuvi ni mlango mwingine kabisa, na mamlaka ya CITES haikusemei huko. CITES inashughulika na kama spishi itabaki duniani. Wale wa afya ya wanyama wanataka kujua kama samaki wako anakuja na vimelea au virusi. Walihitaji cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo wa serikali kule anakotoka, na cheti hicho muda wake ni mfupi, kwa hiyo kilikatwa karibu kabisa na safari. Walitaka pia kujua nitamweka wapi kwenye karantini. Nilionyesha tangi la peke yake, lisilochangia maji na matangi mengine, lenye kifuniko kizito, maana arowana huruka.

Shirika la ndege lilikataa asikae nami kwenye kabini ya abiria. Sikubishana; alikwenda kama mzigo wa wanyama hai, kwa kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ambazo CITES yenyewe inazitambua kwa usafiri wa anga. Nilichosisitiza ni njia. Kila kituo cha kubadilishia ndege ni nchi nyingine yenye sheria zake, na ingawa mkataba unasamehe mzigo unaopita tu chini ya ulinzi wa forodha, sikutaka samaki wangu alale ghalani akisubiri watu wajadiliane. Nikachagua ndege isiyokatisha, hata kama ilikuwa ya saa mbaya.

Ufungaji niliushuhudia. Samaki alikuwa hajalishwa tangu juzi yake, kwa sababu mavi yakishaingia kwenye maji machache amonia hupanda na kumchoma matamvua. Walimwingiza kwenye mfuko mzito wa plastiki uliotiwa ndani ya mwingine, maji yakamfunika mgongo na kuzidi kidogo tu, kisha wakajaza oksijeni safi sehemu yote iliyobaki na kufunga kwa mipira. Mfuko ukalazwa ndani ya boksi la povu gumu jeupe ili joto lisiyumbe. Nilitarajia maji mengi. Fundi akaniambia kinachomweka hai njiani ni oksijeni ile ya juu. Maji mengi yangeongeza uzito bure.

Kabla boksi halijafungwa, afisa alipitisha kisomeo juu ya plastiki, mgongoni. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya, na mimi mate yamenikauka. Samaki alikuwa amejipinda kwa upande mwingine. Akaugeuza mfuko taratibu, kikalia, namba ikatokea, akaisoma kwa sauti huku mwenzake akifuatisha kwenye kibali kwa kalamu. Kisha forodha wakajaza sehemu ya chini ya kibali, ile inayoandikwa idadi iliyosafirishwa kweli, wakapiga muhuri. Sehemu hiyo usikubali ibaki tupu. Kibali kinaonyesha ulichoruhusiwa kusafirisha. Mapokezi wanataka kuona kilichoondoka.

Upande wa nyumbani mambo yalikwenda haraka. Walitaka nakala halisi, wakaichukua na kubaki nayo, wakapima chipu tena, wakaniachia nakala yenye muhuri wao. Karantini ilikuwa kazi ya kawaida ya mfugaji: joto, maji, na kumwacha apumzike gizani kabla ya kumpa chochote.

Wanaofuga aina nyingine wasidhani haya ni ya arowana peke yake. Farasi wa baharini wote wako Kiambatisho II tangu 2004. Yule pleko, kambare mdogo wa matangini mwenye milia kama pundamilia, anayepatikana mto Xingu tu nchini Brazili, aliingia Kiambatisho II mwaka 2023, na kiwango cha biashara ya waliovuliwa mtoni kikawekwa sifuri. Wanaofugwa wanauzwa, lakini mfuko wa mkononi bila karatasi unaweza kuishia kwa kutaifishwa, hata kama samaki ni mdogo kiasi gani.

Arowana huishi miaka mingi, na nikihamia nchi nyingine kibali kile cha kwanza hakitamtoa. Nitahitaji cheti cha kusafirisha tena nje, kitakachotaja namba ya kibali cha mwanzo na nchi alikotoka, na huenda cha kuingiza cha huko niendako. Kwa hiyo nakala yenye muhuri, cheti cha shamba, cheti cha afya na risiti viko faili moja, na picha zake ziko kwenye simu. Muuzaji amenikubalia kwamba nikipoteza chochote, kumbukumbu za shamba anazo kwa namba ya chipu.