Siku Mbili Mtoni Thego

Mimi ni mtoto wa Likoni, Mombasa. Kuvua kwa mshipi nilifundishwa na ami yangu: funga kipande cha ngisi, shusha chubwi, kile kizito cha kuzamisha uzi, hadi chini, weka uzi juu ya kidole cha shahada, ngoja samaki aitwaye changu agonge. Nilipopanda treni kwenda Nairobi, kisha matatu hadi Kiganjo, karibu na Nyeri, nilikuwa na siku mbili tu na hamu ya miaka mingi ya kumwona samaki anayevuliwa kwa unyoya.

Samaki huyo ni trauti, na si mwenyeji. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 kwa ajili ya mito ya Aberdare. Mwaka 1910 akaja ndugu yake kutoka Afrika Kusini, yule mwenye mkanda wa waridi ubavuni. Pale Kiganjo kuna kituo cha kuwatotolesha tangu 1948. Mzee aliyenipeleka mtoni aliniambia babake alikufa bila kuonja samaki, maana kwa Wakikuyu wa zamani hicho hakikuwa chakula. Yeye alijifunza kuvua ujanani, akiwabebea wageni mizigo.

Tulifika Thego kukipambazuka. Baridi ilikata vidole, na Mlima Kenya ulikuwa wazi wote, kabla mawingu hayajaufunika. Maji yalikuwa maangavu, unaziona kokoto moja moja. Nikaanza kuunga ufito wa kuvulia.

"Kaa kwanza, kijana," mzee akasema. "Mto hauhami."

Tukakaa juu ya jiwe karibu nusu saa. Kisha akaingiza mkono majini, akageuza jiwe dogo na kunionyesha tumbo lake. Kulikuwa na viluwiluwi vya wadudu vyenye mikia myembamba kama nywele, vikikimbilia kivulini, na vingine vilivyojijengea vijumba vya chembe za mchanga. Hicho ndicho chakula cha trauti. Akafungua kopo, akatoa nzi bandia mweusi wanayemwita Kenya Bug, wa uzi na manyoya, mdogo kuliko punje ya mahindi.

Kwetu chubwi ndilo linalovuta uzi. Huku nzi hana uzito wowote. Mshipi wenyewe ndio mnene, na ndio unaorushwa. Unaupeleka nyuma, unatulia mpaka unyooke wote mgongoni kwako, ndipo unaurudisha mbele. Ule utulivu ndio kazi yenyewe. Mimi niliuruka, na mara tatu nzi akanasa matawini. Mara ya tatu mzee alimnasua kimya, akamimina chai.

Baada ya chai nilirusha polepole. Trauti hulala akiutazama mkondo unakotoka, akingoja maji yamletee riziki, kwa hiyo tulimjia kwa nyuma na kumtupa nzi juu yake, ateremke kwa mwendo wa maji. Mshipi ukimkokota nzi, samaki hamgusi. Naamini kabisa kwamba bila ile nusu saa jiweni nisingeliona hilo kwa macho yangu.

Hakugonga kama changu. Mshipi ulisita tu, basi. Nikainua ufito, ukatetemeka hadi begani.

"Lowesha mkono!" mzee akaita. Mkono mkavu humvua samaki ute unaomkinga. Samaki alikuwa na urefu wa shibiri moja, madoa meusi hadi mkiani, na ule mkanda wa waridi ukimetameta. Nikamtoa ndoana, nikamshika kwa viganja viwili majini, kichwa kikielekea mkondo, mashavu yakifunguka na kufumba. Mara hakuwepo.

Siku ya pili sikupata hata mmoja, na wala sikusogea sana kutoka kwenye lile jiwe. Mzee aliniuliza kama ni kweli bahari huondoka na kurudi mara mbili kila siku. Nikamweleza kupwa na kujaa, bamvua, maji yanapojaa na kupwa mno, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu, naye akiuliza tena na tena, mpaka chupa ya chai ikaisha.