Siku Niliyokwenda Kuitazama Toyota 86

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikitafuta gari la michezo la milango miwili ambalo bei yake isingenilazimu kuuza kiwanja, na hatimaye wiki iliyopita nilisimama mbele ya Toyota 86 ya mwaka 2013, nyekundu, yenye gia sita za mkono. Gari hili, ambalo Toyota ililiunda kwa kushirikiana na Subaru na kuanza kuliuza mwaka 2012, lina injini ya lita mbili ambayo mitungi yake minne imelazwa, miwili kila upande, na huendeshwa na magurudumu ya nyuma.

Dalali alisifia rangi. Fundi wangu alilala chini ya gari akiwa na tochi. Alichokiona kwanza ni michubuko mirefu chini ya bampa la mbele, kazi ya matuta yetu bila shaka, kisha unyevu wa oili kwenye ukingo wa injini. Alinionya kwamba hata kubadilisha plagi kunachosha, kwa kuwa zimejificha ubavuni mwa injini ambako mkono haupiti kwa urahisi.

Nilipouliza iwapo springi za valvu, zile zinazofunga vilango vya hewa na moshi ndani ya injini, ambazo kasoro yake mwaka 2018 ilifanya magari mengi ya matoleo ya mwanzo yaitwe na watengenezaji ili yarekebishwe, zilikwishabadilishwa, dalali alirudi kwenye rangi. Nilimwomba alete kumbukumbu za matengenezo au apunguze bei, na hadi ninapoandika haya hajanipigia.