Usiku wa kaa wa minazi, Chumbe

Tulikusanyika baada ya Isha chini ya mnara wa taa wa kisiwa kidogo cha Chumbe, ule uliojengwa mwaka 1904, walimu wa skuli mbalimbali za Unguja. Aliyetuongoza alikuwa mtu mzima aliyewahi kuwa mvuvi. Sharti lake lilikuwa moja: kurunzi zimulike chini, tusije tukamkanyaga mtu mwenye nyumba yake.

Hatukwenda mbali. Kwenye shina la mti, usawa wa kifua changu, alikuwa amejikamata kaa wa buluu iliyokolea, magando mazito, miguu imetanda kuliko sinia la pilau. Kaa niliowazoea ni wa ufukweni na wa mikokoni. Huyu nilimrudia nyuma.

"Huyu hufika kilo 4," mzee alisema, "na akiachwa huishi miaka 40 na zaidi. Huenda amekuzidi umri, mwalimu."

Tuliuliza habari za nazi, kama kila mtu. Akatueleza kwamba huyachana makumbi uzi kwa uzi, akianzia upande wenye macho, na nazi moja huweza kumshughulisha siku kadhaa. Lakini si nazi tu: hula matunda yaliyoanguka, mizoga, hata gamba lake mwenyewe analolivua. Wakati wa kulivua hujifukia shimoni wiki nyingi, mwili laini, hana cha kujikingia.

Kilichonishika mimi ni habari ya maji. Kaa huyu mzima akitumbukia baharini hufa maji, maana anapumua hewa. Na bado jike lazima ateremke hadi mawimbi yanapopiga, ayaachie mayai yake humo, kisha apande haraka. Watoto huelea na mikondo kwa wiki kadhaa, wengi wakiliwa. Anayenusurika hutafuta kombe tupu la konokono, hulivaa na kupanda nalo nchi kavu, na hulibadilisha kila anapokua mpaka mgongo wake ukakaza. Kuzaa, hadi afike miaka 5 hivi.

Ndipo mzee akasema kwamba wavuvi walikuwa wakimtia kwenye madema awe chambo. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Mnyama aliyepita hatari zote hizo, akakua taratibu miongo mizima, apondwe apate kuvutia samaki wa mboga ya siku moja!

Tuliporudi kwa njia ya pwani, mzee aliinama akamulika kitu kidogo kikijivuta kwenye majani makavu: kaa mchanga, kombe mgongoni. Tulipiga magoti wote. Mwenzangu mmoja akakumbuka lile katazo tulilopewa mchana tulipoteremka chomboni, la kutookota makombe.

"Hata yale matupu, mzee, yasiyo na kitu ndani?"

"Hasa hayo matupu, mwalimu."