Siku moja ya kumrekodi manaschi

Saa 1:30 asubuhi, Talas, Kirigizistani. Manaschi ni mtambaji wa Manas, utendi wa Wakirigizi juu ya shujaa wa jina hilo. Tunaanza na hema. Bozuy, hema la duara la Wakirigizi, limevikwa sufi nzito inayomeza mwangwi, hivyo sauti hutoka safi kuliko ukumbini. Adui ni jiko la chuma. Likivuma, mvumo unaingia kila mstari. Lizimwe mapema.

Saa 2:30. Maikrofoni ikae kama mita moja na nusu kutoka kinywani. Ya kubana kifuani haifai: manaschi huimba ameketi, lakini mikono na kiwiliwili havitulii, na joho lake litakwaruza mpaka basi. Kiwango kipimwe kwa ukelele wa vita, si kwa salamu. Ala hakuna; komuz, ala ya nyuzi, ni ya akyn, mshairi mwimbaji.

Saa 3:00. Leo anaimba hitima ya Kökötöy, kisa kimoja cha Manas, yenye mbio za farasi, mieleka na ugomvi. Mistari ni ya mizani 7 au 8, jirani kabisa na utenzi wetu, ila haifungwi kwa beti: kina kimoja hukimbia mistari mitatu, pengine kumi, kisha kinaachwa. Hajakariri neno kwa neno. Anajua njia, majina na mafungu ya kusifia farasi. Mengine anayatunga papo hapo.

Saa 4:10. Betri ya kinasa kimoja imekwisha. Asisimamishwe! Ndiyo maana vinasa huwa viwili. Radlov, mtaalamu wa lugha aliyeuandika utendi huu kwa kalamu miaka ya 1860, aliliona hilo: mtambaji akipunguzwa kasi ili aandikwe, uzi unamkatika. Wasikilizaji nao wawepo wa kumchochea. Mbele ya mashine tupu atafupisha.

Saa 7:00. Chai na nyama.

Saa 8:00 hadi 11:00. Kunakili. Dakika 10 za kuimba hula saa nzima na zaidi. Kosa kubwa ni kumsahihisha ili alingane na manaschi mashuhuri kama Sagymbay Orozbakov (mistari 180,378, iliyoandikwa 1922–1926) au Sayakbay Karalaev (zaidi ya 500,000). Hao waliimba yao. Mstari wa mizani 9 ubaki na 9.

Saa 12:00 jioni. Dakika ya 47, jina la farasi limemezwa na ukelele. Ak-Kula wa Manas, au Sarala wa Almambet, mwenzake? Ukimuuliza manaschi "ulisema nini?", ataimba upya, na haitakuwa ile. Mchezee kipande chenyewe, ataje jina tu.