Sindano ya Aleji: Namna Nilivyojifunza Kuuliza Jina la Dawa

Mimi ni dereva wa bajaji hapa Tanga. Mwaka jana, kwa karibu miezi mitano, mwili wangu ulikuwa unatoka mabaka. Si vipele vya joto. Ni mabaka mapana, yamenyanyuka, yanawasha kama nimemwagiwa upupu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu wekundu hauonekani sana, kinachoonekana ni uvimbe, kwa hiyo usidanganywe na picha za watu weupe. Yalipenda kuanzia pale mkanda wa suruali unapobana, yanashuka mapajani, yanahamia mgongoni ambako mkono haufiki. Mke wangu alikuwa ananikuna kwa kitana mpaka usingizi unamchukua yeye, mimi niko macho.

Usiku mmoja, kama saa 8 hivi, mdomo wa juu nao ukavimba. Niliogopa. Nikapanda bajaji nikajiendesha mwenyewe hadi kwenye duka la dawa lililokuwa bado wazi. Kijana aliyekuwa zamu alinitazama mara moja tu akasema, "Hiyo aleji, kaka. Nikuchome sindano, muda si mrefu imekwisha." Hakuuliza nimekula nini wala natumia dawa gani. Hakunitazama koo. Alivuta vichupa viwili kwenye bomba moja, akanichoma, nikalipa, nikaondoka. Hadi leo sijui kilichokuwamo.

Muwasho ulipungua, sitasema uongo. Lakini sikuwa nimefika nusu ya njia, kope zikawa nzito na kinywa kikakauka. Nilizinduka gurudumu la mbele liko mtaroni, taa inamulika ukuta wa nyumba ya watu. Sikuumia na sikuwa na abiria. Nilikaa pale nikitetemeka, nikiwafikiria watoto ninaowapeleka shule kila asubuhi kwenye kiti kile cha nyuma.

Baada ya wiki tatu mabaka yakanirudia kwa nguvu ileile. Safari hii nilimwamsha shemeji yangu, akaendesha yeye, tukaenda kituo cha afya. Nilichokiona kule ndicho kilichonifanya niandike haya, kwa sababu sindano ileile inayoweza kukusaidia inaweza pia kukuumiza, na tofauti yake ni maswali machache tu.

Nesi wa zamu alikuwa mama wa makamo. Kabla hajagusa bomba aliniambia nitoe ulimi, nimeze mate, nizungumze. Akanipima presha. Akauliza kama nabanwa kifua, kama tumbo linauma, kama nimetapika, kama nahisi kizunguzungu. Akauliza kama nina shida ya mkojo au presha ya macho, kwa kuwa dawa hizi zinaweza kuzizidisha. Halafu akauliza, "Leo umekunywa dawa gani, baba?" Nikamwambia diklofenaki mbili, za mgongo. Udereva na mgongo havipatani, nilikuwa nazimeza kama karanga. Aliacha kuandika akanitazama. Dawa za maumivu za jamii ile, pamoja na ibuprofeni na aspirini, zinaweza kuamsha mabaka au kuyachochea kwa mtu ambaye tayari anayo. Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa nimeziweka pamoja.

Daktari alipokuja nilimuuliza kwa nini wananichunguza hivyo wakati ni ngozi tu. Akaniambia mabaka peke yake hayaui. Kinachoua ni pale koo linapovimba, kifua kinapobana au presha inaposhuka, na hapo sindano ya aleji haitoshi. Hapo dawa ni adrenalini, kwenye msuli wa upande wa nje wa paja, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na inarudiwa baada ya dakika 5 kama hali haijabadilika. Mgonjwa analazwa, miguu inainuliwa, hasimamishwi ghafla. Kumpa mtu wa namna hiyo sindano ya aleji na kumwambia asubiri ni kupoteza dakika zake. Nilipogeuka nikaona nesi ameshaweka kichupa cha adrenalini kwenye trei, kando ya dawa yangu, hakijafunguliwa. Kilikuwa pale tu, karibu na mkono wake.

Ndipo akakiinua kichupa changu kwenye mwanga wa taa, akanisomesha: promethazini, miligramu 25, mililita 1, na tarehe ya kuisha. Ndiyo mara ya kwanza nilijua jina la kitu kinachoingia mwilini mwangu. Nyingine inayotumika sana ni klorfeniramini, ile tunayoizoea kwa jina la Piriton. Mshipani hiyo hupitishwa polepole, haisukumwi kwa pupa. Promethazini mahali pake bora ni ndani kabisa ya msuli mkubwa. Si chini ya ngozi, na mshipani ni hatari: ikivuja nje ya mshipa au ikiingia kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, inaunguza nyama mpaka inakufa. Baadaye nilisoma habari za Diana Levine, mwanamuziki wa Vermont, Marekani, aliyekatwa mkono mwaka 2000 baada ya dawa hii kupitishwa mshipani. Kesi yake dhidi ya kampuni iliyotengeneza dawa hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya nchi ile, akashinda mwaka 2009, na mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa hiyo. Nesi aliniambia kwa maneno mafupi zaidi: "Ukisikia moto wakati inaingia, usijikaze kiume. Sema, nisimame."

Haikuunguza. Nilikaa kwenye benchi saa nzima akija kunitazama, kisha shemeji akanirudisha nyumbani nikiwa kiti cha nyuma kama abiria. Walinikataza kuendesha mpaka kesho yake, na kunywa pombe au dawa nyingine ya usingizi juu yake. Siku ile nilikosa hela ya tajiri mwenye bajaji. Nilimweleza, akanuna, yakapita.

Kliniki ya ngozi ndiko nilikopona hasa. Daktari alichukua peni akazungushia baka moja kwenye mkono wangu, akasema nilitazame kesho. Asubuhi mviringo wa wino ulikuwepo, ndani yake ngozi safi kabisa, na baka jipya limeota karibu na kiwiko. Akasema ndivyo yalivyo mabaka ya urtikaria: moja halikai mahali pamoja zaidi ya saa 24. Likikaa na kuacha alama kama ya jeraha, huo ni ugonjwa mwingine, urudi. Na yakiendelea zaidi ya wiki 6 yanahesabiwa kuwa sugu, na mabaka sugu hayafukuzwi kwa sindano. Yanatulizwa kwa kidonge cha aleji cha kila siku, uwashwe au usiwashwe. Alinianzishia setirizini miligramu 10. Ikanilegeza kidogo, akanibadilishia loratadini, baadaye akaongeza dozi yeye mwenyewe. Diklofenaki niliacha siku ileile, mgongo nautuliza kwa paracetamol. Mwezi wa pili wa vidonge mabaka yalipungua, wa nne yakakoma.

Hivi karibuni jirani yangu alinijia na kichupa kilichobaki baada ya matibabu ya mumewe. Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu ametoka mabaka, akataka nimtafutie mtu wa kumchoma. Nilisoma jina: promethazini. Dawa hii haipewi mtoto wa chini ya miaka 2, inaweza kumzimishia pumzi. Nilimwambia, "Mama, mbebe mwanao, twende." Mtoto alipimwa, akapewa dawa ya maji, akarudi amelala begani kwa mama yake.

Ndani ya bajaji, nyuma ya kioo cha jua, nimebandika karatasi. Imeandikwa jina langu, namba ya mke wangu, diklofenaki kwa herufi kubwa na mstari chini yake, na dawa ninazomeza. Nesi yule yule ndiye aliyeniandikia, kwa mkono wake.