Miche iliyokataliwa

"Shikamoo mjomba. Kiriba nakivua au nazika mche nacho? Fundi anasema plastiki itaoza."

Ni mpwa wangu, juzi, kutoka Korogwe. Nikamwambia avue, maana kiriba, ule mfuko wa plastiki nyeusi wa kuoteshea mche, kitakaa ardhini hata baada ya mti wenyewe kukauka. Akashukuru, akakata. Mimi nikabaki na shamba la juu kichwani, na ile asubuhi ya masika mzee wa kitalu alipoomba wembe.

Shamba la juu lilikuwa la mikaratusi, nasi tulitaka kulirudishia msitu wa asili. Kuikata si kazi. Kazi ni visiki, kwa sababu mkaratusi ukiukata leo, mvua zikianza unakuletea machipukizi kumi. Visiki vyote vilichunwa gome kuzunguka, kuanzia mkato hadi pale mizizi inapoanza chini ya udongo, kisha vikafukiwa. Kisiki kilichoachiwa ukanda wa gome hata upana wa vidole viwili kilichipua.

Mashimo yalichimbwa mapema: sentimita 45 kwenda chini, 45 upana, udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine, maana wa juu ndio unaotangulia kurudi shimoni. Nafasi ilikuwa mita 2.5 kwa 2.5, ambayo kwa ekari moja ni miche 640 hivi. Watu husema ni karibu mno. Kwa mbao, ndiyo. Kwa msitu wa asili unataka matawi yagusane haraka, kivuli kishuke, nyasi zife zenyewe. Katika kila miche kumi, sita ilikuwa ya miti inayokimbia na kuvumilia jua kali: mkumba, mshai, mringaringa. Iliyobaki mwiri na podo. Mkulo haukuwamo kabisa, kwani ukiwa mdogo unataka kivuli. Huo huingizwa baada ya miaka mitatu minne, tena kwa machipukizi ya mizizi au miche iliyookotwa msituni. Mbegu zake nyingi huharibiwa na wadudu zikiwa bado mtini, na zilizo nzima hazikawii kufa zikikauka.

Basi miche ilifika kwenye kreti, mibichi, majani yanang'aa. Wapandaji walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa tuta, majembe mapajani. Mzee alichoma kijiti ardhini, akakichomoa, akatazama unyevu umeshika hadi wapi. Ulipita sentimita 30. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha badala ya kusema "haya", akasema, "Nani ana wembe?"

Akatoa mche mmoja wa mwiri. Hakuushika shina, aliulaza kiganjani, kiriba chote, akakichana toka juu hadi chini, akakivua. Udongo ulishikamana vizuri. Mtu yeyote angeupanda. Akauloweka kwenye ndoo, akautikisa polepole mpaka udongo ukaondoka wote, akainua kilichobaki ili sote tuone. Mzizi mkuu ulishuka kama vidole viwili, ukajikunja, ukapanda juu tena kama mpini wa bakora. Chini ya hapo palikuwa na nywele za mizizi tu, nyingi, nyeupe, ndizo zilizokuwa zinashika udongo na kutudanganya.

"Huyu alipandikizwa na mtu mwenye haraka," akasema.

Akaeleza huku akichana wa pili. Mbegu ya mwiri husiwa ikiwa mbichi, nyama ya tunda ikiwa imeoshwa, maana ikikaushwa kama mahindi ndiyo imeuawa. Ikiota kwenye tuta, mche unahamishiwa kiribani ungali na majani mawili ya kwanza, mzizi ukiwa mfupi bado. Ukichelewa, mzizi unakuwa mrefu kuliko tundu ulilotoboa kwa kidole. Ukiusukuma, ncha inatazama juu. Dawa yake ni kutoboa kwa kijiti, tundu liwe refu kuliko mzizi, kuuteremsha mche zaidi ya kipimo, kisha kuuvuta juu kidogo ili mzizi unyooke, ndipo ubane udongo kwa pembeni. Hakuna zaidi ya hapo. Sekunde chache kwa mche, na ndizo zilizokuwa zimeibwa.

Wa pili ulikuwa mzima. Wa tatu kasoro yake ilikuwa tofauti: mzizi umenyooka, lakini ulipofika chini ukazunguka kitako cha kiriba, ishara kwamba haukupogolewa mizizi kwa wakati. Huo akausamehe. Alikata kitako kwa wembe, unene wa sentimita moja hivi, akapasua pembeni mara mbili, akauweka kando kwenye kivuli. Mzunguko wa chini unakatika. Pindo la juu, karibu na shingo, pale shina linapokutana na mzizi, halinyooshwi na mtu: mti utakua miaka kadhaa bila tatizo, kisha shina linene, mizizi inene, vianze kukabana, au upepo uje uukute hauna nanga.

Sheria yake ilikuwa hii: kila kreti inachanwa miche miwili. Ukipatikana mmoja wa bakora, inachanwa mitano mingine. Ikifika nusu, kreti yote inarudi. Mawingu yalikuwa yanashuka, wapandaji wananung'unika, na yeye anachana. Mwisho kreti za mwiri zilizokubaliwa zilikuwa chache kuliko zilizokataliwa, na ya kujazia hatukuwa nayo.

Miche tuliyobakiwa nayo ilipandwa siku hiyo hiyo: kopo moja la samadi iliyooza likichanganywa na udongo wa juu, shingo ya mche sawa na uso wa ardhi, kisigino kukandamiza, kisha jani moja linavutwa, likikatika kabla mche haujacheza, umeshika. Matandazo mduara wa nusu mita, yasiguse shina.

Ile miche mizima karibu yote iko hai. Lakini mapengo nayo yapo. Upande wa mashariki, ambako mwiri uliokataliwa ungekaa, lantana, kile kichaka kinachovamia mashamba, iliingia msimu uliofuata, na palizi ya pale imekula pesa kuliko sehemu nyingine yote ya shamba. Sijui kama mche mbovu unaotoa kivuli miaka minane si bora kuliko shimo tupu. Mzee angenifukuza kwa swali hilo.

Na kuna jambo la shangazi. Kreti zilizokataliwa zilipokuwa zinasubiri kurudishwa, alichomoa mche mmoja, akaupanda nyuma ya banda la ng'ombe bila shimo la maana wala kipimo. Leo ndio mwiri mrefu kuliko yote tuliyo nayo. Ndiyo, unakula mbolea ya banda, na ukuta unaukinga upepo wa bondeni. Haulinganishwi na ile ya mteremkoni. Pengine pia ulikuwa mmoja wa ile mizima iliyoponzwa na kreti. Kuchimba kuutazama mzizi ni kuuharibu, kwa hiyo hakuna anayejua.

Nilipomweleza habari ya bakora na upepo alicheka, akasema mti wake hauendi popote. Wiki iliyofuata nilikuta ng'ombe amefungwa upande wa pili wa banda.